Fanani wa Picha ya Kisa: Uhakiki wa Picha za Kupanga, Kutoka Likoni Hadi Kikoneni

Utangulizi

Katika vyuo vingi vinavyofundisha upigaji picha, mwanafunzi hupewa zoezi la kutunga picha inayosimulia. Haambiwi akanase jambo linalotokea mbele yake. Huambiwa abuni kisa, atafute watu wa kukitenda, apange mahali, mavazi, vifaa na mwanga, kisha apige picha moja au mfululizo wa picha chache ambazo mtazamaji atazisoma kama anavyosoma hadithi. Zoezi hili lina historia ndefu duniani, na kwa upande wa pwani ya Afrika Mashariki limekwisha kuandikiwa na wanahistoria wa sanaa pamoja na wanaanthropolojia. Sisi tunaoshughulika na lugha na fasihi tumewaachia wao kazi hiyo, kana kwamba neno "kusimulia" linapotumiwa juu ya picha huwa si letu tena.

Makala hii inakusudia kulirudisha suala hilo katika uwanja wa uhakiki wa fasihi. Swali tunalouliza ni moja: picha ya kupanga inaposimulia, msimulizi ni nani? Je, ni yule aliyeshika kamera, au ni yule aliyesimama mbele yake? Tutajaribu kuonyesha kwamba jadi ya picha za kupanga katika pwani yetu ilimpa nafasi ya fanani mtu aliyesimama mbele ya kamera, na kwamba zoezi la chuoni, kama linavyofundishwa aghalabu, humwondoa mtu huyo katika nafasi hiyo na kumfanya kifaa. Tofauti hii si ya fani peke yake. Inahusu ni nani mwenye mamlaka juu ya kisa cha watu ambao mara nyingi wamepigwa picha bila kuulizwa neno.

Tumeuchagua mji mdogo wa Kikoneni uwe mahali pa kuijaribu hoja yetu. Kikoneni iko katika Kaunti ya Kwale, upande wa bara wa barabara kuu itokayo Likoni kupitia Ukunda na Msambweni hadi Lunga Lunga mpakani mwa Tanzania. Ni nchi ya wakulima wa minazi, mikorosho, mihogo na mahindi; wengi wao ni Wadigo, nao wamechanganyika na Waduruma, Wakamba na wengineo. Historia za upigaji picha haziitaji Kikoneni. Kwa sababu hiyo hasa, mwanafunzi anayetoka huko hulazimika kujiuliza anasimama juu ya jadi gani. Jibu, kwa maoni yetu, liko kwenye barabara ile ile ambayo watu wa kwao wameifuata kwa miaka mingi kwenda Mombasa, pale inapofika kwenye maji ya Kivuko cha Likoni.

Suala la istilahi

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kukubaliana juu ya jina. "Picha ya kupanga" halitoshi, kwa kuwa hata picha ya pasipoti imepangwa: kuna kitambaa cheupe nyuma, kichwa hakiinami, uso haucheki. "Picha ya kuigiza" nalo lina kasoro, maana kuigiza huelekeza fikira kwenye kufuata mfano wa kitu kilichokuwapo, ilhali picha tunazozizungumzia mara nyingi huonyesha mambo ambayo hayajapata kutokea. Tunapendekeza jina "picha ya kisa". Neno kisa katika Kiswahili lina maana mbili zinazokaa pamoja: ni hadithi fupi, na pia ni sababu ya jambo. Tukikuta watu wawili wanagombana huuliza, "Kisa ni nini?" Picha inayostahili jina hili ni ile inayomfanya mtazamaji aulize swali hilo hilo. Picha ya mtu mwenye huzuni, hata ikipangwa kwa ustadi wa namna gani, huonyesha hali tu. Kisa huanza pale mtazamaji anapotaka kujua kilichotangulia na kitakachofuata.

Kuna jambo la pili la lugha ambalo lina uzito zaidi kwa hoja yetu. Kitenzi "kupiga picha" hutumiwa na pande zote mbili za kamera. Mwenye kamera husema, "Nimepiga picha harusini." Lakini mtu aliyevaa nguo zake nzuri akaenda studio naye husema, "Nimekwenda kupiga picha," na marafiki waliosimama pamoja mbele ya kamera ya mtu mwingine husema, "Tulipiga picha." Kauli ya kutendwa, "nimepigwa picha", ipo pia, lakini katika matumizi ya kawaida huelekea kubeba maana ya kutokuwa na hiari: ninapigwa picha na polisi, na hospitali, na mgeni apitaye njiani. Nomino "mpiga picha" peke yake ndiyo iliyobaki kuwa mali ya mwenye kamera. Kwa hivyo lugha yenyewe, kabla ya nadharia yoyote, imekwisha kukubali kwamba mtu aliye mbele ya kamera aweza kuwa mtenda.

Fanani na tukio

Katika makala yake ya mwaka 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi, iliyotoka katika jarida la Mulika, M. M. Mulokozi alisisitiza kwamba fasihi simulizi si maneno tu bali ni tukio. Aliyataja mambo yanayolijenga tukio hilo: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Utanzu hauwezi kuelezwa kwa kuangalia maneno yake peke yake, bila kuangalia ni nani aliyeutenda, mbele ya nani, wapi, na kwa shughuli gani.

Tukiichukua hoja hii na kuipeleka kwenye picha ya kisa, mambo kadhaa hudhihirika. Mahali na wakati vipo mara mbili: kuna mahali picha ilipopigwa na mahali inapotazamwa, na kati ya hapo na hapo yaweza kupita miezi au miaka. Hadhira haipo wakati wa kutenda. Mtu wa Kikoneni aliyepiga picha mjini aliitenda mbele ya watu waliokuwa mbali, yaani mama yake, mke wake, au rafiki zake wa barazani. Tena, picha ilipofika nyumbani haikuachwa iseme peke yake. Ilitiwa katika albamu, na albamu ikaletwa mbele ya mgeni; mwenyeji akaifungua ukurasa kwa ukurasa akieleza huyu ni nani, hapa ni wapi, na siku hiyo kulikuwa na nini. Katika picha ya kisa ya pwani, basi, usimulizi wa mdomo haukuwa nyongeza iliyotoka nje. Picha ilikuwa nusu ya fani, na ulimi ulikuwa nusu ya pili.

Huenda mtu akapinga kwamba picha haiwezi kusimulia hata kidogo, kwa kuwa hadithi huenda na wakati, na picha imesimama. Pingamizi hili ni la zamani. Mjerumani Lessing alilijadili katika kitabu chake Laokoon cha mwaka 1766, alipotofautisha ushairi na sanaa za kuonwa. Yeye mwenyewe alitoa njia ya kutokea: msanii wa picha achague dakika ambayo inaruhusu fikira za mtazamaji kurudi nyuma na kwenda mbele. Dakika ya kilele haifai, kwa sababu baada ya kilele fikira hazina pa kwenda. Kwetu sisi jambo hili si geni. Kitendawili hakitegwi pamoja na jibu lake.

Vibanda vya Likoni

Mfano ulio karibu zaidi na Kikoneni, na uliochunguzwa kwa makini, ni ule wa wapiga picha wa Kivuko cha Likoni. Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Kijerumani, aliwaandikia katika makala ya mwaka 2000 na tena katika kitabu chake cha mwaka 2013 juu ya upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1990 wapiga picha hawa, ambao wengi wao walikuwa wametoka bara, walijenga vibanda vyao karibu na kivuko ambapo maelfu ya watu walipita kila siku. Ndani ya vibanda walitundika mapazia yaliyochorwa kwa rangi: meli, ndege, majumba marefu, mitaa ya miji. Waliongeza maua ya plastiki, mapambo yanayometameta na picha za watu mashuhuri. Mteja alichagua mahali pa kusimama, akajiweka sawa, akapiga picha.

Wateja wengi walikuwa wafanyakazi waliokuwa mbali na kwao. Picha iliyotoka kibandani ilipelekwa nyumbani, na huko ndiko hadhira yake ilikokuwa. Kijana aliyesimama mbele ya ndege iliyochorwa alikuwa anasimulia safari. Pengine hakuwa amepanda ndege maishani mwake, lakini alikuwa ameondoka nyumbani, amefika mjini, na alikuwa na nia ya kufika mbali zaidi. Kisa kilikuwa chake. Mpiga picha alikuwa amemtengenezea jukwaa, kama seremala atengenezavyo kiti cha mganga.

Wala hili halikuanza Likoni. Tangu miaka ya 1940, studio ya N. V. Parekh mjini Mombasa ilipokea wateja wa kila jamii waliokuja na nguo zao na fikira zao juu ya namna walivyotaka kuonekana. Baadhi yao walichukua mikao ya filamu za Kihindi walizozitazama katika sinema za mji. Kule Lamu, Omar Said Bakor, aliyejifunza kazi mwenyewe, aliunganisha vipande vya picha mbalimbali akapata taswira ambazo jicho halikupata kuziona duniani. Mafundi hawa walikuwa wasanii kamili, na hatukusudii kuwapunguzia sifa. Tunachosema ni kwamba ustadi wao ulitumikia kisa alichokuja nacho mteja.

Hata hivyo, mhakiki asiipambe jadi kupita kiasi. Mteja wa Likoni hakuwa huru kabisa. Alichagua kati ya mapazia yaliyokuwapo, na yaliyokuwapo yalikuwa machache. Kama pazia lilikuwa la ndege, basi kisa kilikuwa cha ndege. Lakini kifungo hiki ndicho kile kile kinachomfunga fanani wa ngano. Naye hurithi fanani jingi la tayari, yaani sungura, fisi, zimwi na mama wa kambo; uhodari wake huonekana katika namna anavyoyatumia yale ambayo kila mtu anayajua. Kifungo kingine kilikuwa kizito zaidi, nacho ni cha siasa. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na vurugu zilizofuata ziliwafukuza watu wengi wa bara kutoka eneo hilo. Kibanda cha picha kiliwategemea watu hao hao, kwa fundi na kwa mteja. Kisa cha msafiri aliyefanikiwa mjini kilikuwa kinasimuliwa mahali ambapo msafiri alikuwa hana hakika ya kuachwa akae.

Pazia kama "paukwa"

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama picha ya kisa ni uongo. Fasihi simulizi ina jibu. Msimulizi anaposema "Paukwa!" na hadhira ikaitikia "Pakawa!", pande zote mbili zimekubaliana kwamba wameingia katika ulimwengu wa ngano, ambamo fisi husema na zimwi humeza watu wakatoka wazima. Baada ya mapatano hayo hakuna aliyedanganywa.

Pazia la Likoni lilifanya kazi hiyo hiyo. Ndege iliyochorwa kwa rangi haimdanganyi mtu mzima. Mama aliyeipokea picha kijijini aliitambua kuwa ni mchoro, naye aliisoma kama alivyosoma ngano: si habari ya kilichotokea, bali ni kauli juu ya matumaini ya mwanawe. Pazia lilikuwa paukwa yake.

Tulinganishe na yaliyotokea Uingereza. Mwaka 1858 Henry Peach Robinson alionyesha picha ya msichana anayekata roho, jamaa zake wakiwa wamemzunguka. Aliiunganisha kutokana na negativu tano, na watu walioonekana humo walikuwa wamewekwa mahali pao kwa mpango. Watazamaji wengine walikasirika kwamba mtu amethubutu kuingiza kamera katika chumba cha maiti. Wengine waliudhika walipojua kwamba hakukuwa na maiti. Malalamiko haya mawili yalitokana na chanzo kimoja: picha haikuwa na paukwa. Robinson aliazima mapatano ya mchoraji, lakini akayatia katika chombo ambacho umma ulikuwa umeanza kukiamini kama shahidi.

Mwanafunzi wa leo yuko katika hali ya Robinson zaidi kuliko ya fundi wa Likoni. Kamera ya dijitali na programu za kompyuta zinamwezesha kuondoa kila alama ya mpango. Mara nyingi husifiwa kwa hilo, na mwalimu husema, "Huwezi kujua kwamba imepangwa." Kwa mtazamo wetu sifa hiyo inafaa ichunguzwe upya. Msimulizi mzuri haoni haya kusema paukwa.

Fanani anaponyang'anywa nafasi yake

Pwani hii imepata pia kuona jadi ya pili ya picha za kupanga, ambayo ni kinyume cha ile ya kwanza. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, studio za Zanzibar kama ile ya A. C. Gomes na ile ya J. B. Coutinho zilitoa picha ambazo nyingi ziliuzwa kwa wageni, na baadaye zikasambazwa kama kadi za posta. Wanawake walivikwa, wakapambwa, wakawekwa mbele ya pazia, na chini ya picha pakaandikwa jina la kabila au la "aina" badala ya jina la mtu. Prita Meier, katika kitabu chake cha mwaka 2024 juu ya historia ya picha za pwani ya Waswahili, amefafanua namna baadhi ya picha hizo zilivyowatumia watu waliokuwa watumwa au wategemezi, ambao hawakuwa na uwezo wa kukataa. Pazia lilikuwapo, vito vilikuwapo, lakini fanani hakuwapo. Mwanamke yule alikuwa sehemu ya mandhari.

Kati ya jadi hizi mbili ziko hadithi za picha zilizochapishwa magazetini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, shirika la Drum lilitoa gazeti la African Film, ambamo mpelelezi Lance Spearman alipambana na wahalifu picha baada ya picha, nalo lilisomwa mpaka Kenya. Huko Dar es Salaam, Faraji Katalambulla, mwandishi wa riwaya ya Simu ya Kifo (1965), alitoa gazeti la hadithi za picha lililoitwa Film Tanzania. Hapa kisa kilitungwa na mwandishi, na waigizaji walikitenda. Hakuna aliyenyang'anywa kitu, maana mapatano yalikuwa wazi kama yalivyo katika tamthilia: mtunzi ni huyu, mtendaji ni yule, na msomaji anajua kwamba ananunua hadithi.

Tatizo huzuka pale mapatano ya tamthilia yanapodaiwa na mwenye kamera huku mtendaji akiwa ni mtu anayeonyeshwa kama yeye mwenyewe. Mkulima anaombwa ashike jembe kwa namna fulani; mtoto anaombwa asicheke; bibi anaombwa avue kanga nzuri avae iliyochakaa. Picha hutoka kama habari ya umaskini. Mikono iliyoipanga haionekani. Vijiji vya Kwale vimepokea wageni wengi wenye kamera, wenye nia njema na wasio nayo, na jambo hili halihitaji kuelezwa kwa wenyeji.

Njia mbili za kurudisha nafasi hiyo

Wasanii wawili wa nje wanatufaa kwa ulinganisho, kwa sababu wote wawili wamelitatua tatizo la fanani, ila kwa njia tofauti.

Wa kwanza ni Mmarekani Cindy Sherman. Kati ya 1977 na 1980 alitengeneza mfululizo wa picha karibu 70 za rangi nyeusi na nyeupe, ambamo yeye mwenyewe amevaa kama wanawake wa filamu: mke jikoni, msichana mgeni mjini, mwanamke anayelia. Picha hazina majina ila nambari. Mtazamaji huona kama anaikumbuka filamu yenyewe, kumbe filamu hiyo haijapata kuwapo. Sherman ameziunganisha nafasi mbili katika mtu mmoja. Mpiga picha na mpigwa picha ni yeye. Hakuna mtu mwingine wa kunyang'anywa.

Wa pili ni Mbelgiji Max Pinckers. Tangu mwaka 2014 alifanya kazi na wapiganaji wazee wa Mau Mau, na mwaka 2024 kikatoka kitabu ambacho jina lake limebeba maneno ya Kiswahili yanayotaja harakati za Mau Mau kwa haki, usawa na ardhi. Wazee wenyewe walionyesha mbele ya kamera namna walivyojificha msituni, walivyokamatwa na walivyoteswa. Picha zimepangwa, na zinaonyesha wazi kwamba zimepangwa: ni wazee wa leo wanaotenda mambo ya ujana wao. Uzito wa kazi hii unaeleweka tukikumbuka kwamba nyaraka nyingi za wakoloni zilifichwa Uingereza hadi zilipofichuliwa mwaka 2011, na kwamba mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa waathiriwa 5,228. Mahali ambapo karatasi zilifichwa, mwili wa mzee ulikuwa kumbukumbu. Hapa mpiga picha ni mgeni, lakini fanani ni mzee, kwa kuwa anakijua kisa na angeweza kukisimulia hata kama kamera isingekuwapo.

Ndani ya Kenya, Osborne Macharia ametumia njia ya tatu. Amewapamba wazee kwa mavazi ya ajabu na kuwaandikia maisha ya kubuni, kama yale ya mabibi waliostaafu vyeo vikubwa na sasa wanakula raha za dunia. Urembo uliopita kiasi ndio paukwa yake, na hakuna anayedhani kuwa ni habari. Lakini kisa ni cha Macharia. Bibi aliyemo picha ni mwigizaji, na kazi hiyo ihakikiwe kama tamthilia, si kama ushahidi.

Zoezi la Kikoneni

Sasa turudi Kikoneni na tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme mwanafunzi amepewa zoezi la kusimulia, kwa picha moja, kisa cha mwanamke ambaye mumewe amekwenda kazini Mombasa na hajarudi. Akifuata mazoea ya darasani, atamketisha mwanamke kizingitini, mkono shavuni, mtungi uliopasuka kando yake, mwanga wa jioni ukimwangukia upande mmoja. Kila kitu kitatamka neno moja: huzuni. Mtazamaji ataelewa mara moja, na kwa kuwa ameelewa mara moja, hana la kuuliza. Tuna hali, kisa hatuna. Na mwanamke huyo, kwa kipimo cha fasihi simulizi, hana tofauti na mtungi.

Sasa tuseme mwanafunzi ameanza kwa kumwuliza mwanamke anayeijua hali hiyo: "Kama ungekuwa wewe unasimulia, ungeanzia wapi?" Huenda mwanamke akacheka na kusema kwamba anayengoja hakai kizingitini akaonwa na majirani. Angekuwa ndani, juu ya mbuzi, anakuna nazi. Angevaa kanga yake nzuri kuliko zote. Na mkekani kungekuwa na vikombe viwili. Kanga angeichagua yeye, kwa sababu jina la kanga ni maneno, na maneno hayo yanaelekezwa kwa mtu. Mtazamaji wa pwani atalisoma jina kabla hajautazama uso. Atauliza: kikombe cha pili ni cha nani? Maneno yale yanamwendea mume, au jirani? Kisa ni nini? Dakika iliyochaguliwa ndiyo ile aliyoitaka Lessing, na haikuchaguliwa na mwanafunzi.

Tunaona hapa kwamba kumrudishia fanani nafasi yake si suala la adabu peke yake, bali huifanya kazi iwe bora kama sanaa. Aliyeishi jambo huyajua mambo madogo ambayo mbunifu wa nje hawezi kuyabuni.

Yako mambo mawili zaidi ambayo mwanafunzi wa huko atakutana nayo. La kwanza ni dini. Wengi wa Wadigo ni Waislamu, na miongoni mwa Waislamu wa pwani wapo wasiopenda sura ya mtu ichukuliwe, hasa ya mwanamke, na isambazwe. Behrend ameonyesha kwamba kujificha na kukataa kuonekana ni sehemu ya historia ya picha katika pwani hii, wala si upungufu wake. Mwanafunzi asilichukue jambo hili kama kizuizi. Fanani ana haki ya kunyamaza, na fasihi yetu inajua thamani ya fumbo. Mgongo uliogeuzwa, buibui, mlango uliorudishwa nusu, mkono peke yake juu ya mbuzi ya nazi, vyote vyaweza kusimulia zaidi ya uso uliofunuliwa.

La pili ni kwamba picha katika eneo hili zina madhara ya kweli. Karibu na Kikoneni kiko kilima cha Mrima, chenye msitu unaoheshimiwa na madini adimu chini yake. Leseni ya kuyachimba ilitolewa mwaka 2013 na kufutwa mwaka uo huo. Kumsimamisha mzee mbele ya kilima hicho ni kusema jambo juu ya ardhi, apende asipende. Vilevile, katika Kwale waliishi kwa vizazi Wamakonde ambao babu zao walitoka Msumbiji kufanya kazi za mashamba, wasiwe na vitambulisho vya Kenya mpaka walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwezi Oktoba 2016 kudai haki hiyo. Tulisema mwanzoni kwamba picha ya pasipoti nayo ni ya kupanga. Kwa watu hao, ile picha kavu yenye pazia jeupe ndiyo iliyokuwa picha ya kisa kuliko zote, na kwa miaka mingi walizuiwa kuipiga. Mwanafunzi anayetunga visa kwa nyuso za watu kama hao anashika kitu kizito kuliko kamera.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba picha ya kisa ni utanzu unaoweza kuhakikiwa kwa nyenzo za fasihi simulizi, na kwamba nadharia ya tukio kama ilivyofafanuliwa na Mulokozi huleta mwanga pale ambapo mazungumzo juu ya vifaa na mwanga hayafiki. Lugha yenyewe, kwa kumruhusu mtu aliye mbele ya kamera aseme "nimepiga picha", imehifadhi kumbukumbu ya jadi ambayo vibanda vya Likoni na studio za Mombasa viliishi kwayo. Simu za mkononi zimeviondolea kazi vibanda vingi vya namna hiyo, lakini hazijaiondoa haki ambayo wateja wake waliizoea.

Kwa walimu wanaosahihisha zoezi hili tunapendekeza maswali matatu, nayo yaulizwe kabla ya kuuliza juu ya mwanga na mpangilio. Je, mtu aliyemo katika picha angeweza kukisimulia kisa hiki kwa maneno yake mwenyewe? Je, picha ina paukwa yake, ili mtazamaji ajue ameingia katika mapatano gani? Je, picha ikirudishwa Kikoneni na kutiwa katika albamu ya mwenyewe, ataweza kuifungua mbele ya mgeni na kuieleza bila kuona haya? Kazi itakayoshindwa na maswali haya yaweza bado kuwa nzuri kwa macho, na mwanafunzi apewe alama za ufundi anazostahili. Alama za usimulizi zingoje mpaka fanani apatikane.